Amri na Ardhi: Historia ya Michezo ya Watoto Kisumu

Kabla ya reli kufika kwenye Ghuba ya Winam mnamo Desemba 1901, na kituo chake cha mwisho, ndipo Kisumu ya leo, kuitwa Port Florence, watoto wa Kijaluo hawakungoja amri ya serikali ili watoke nje. Maana malisho na ufuo wa ziwa vilikuwa wazi kwao, na huko vijana walishindana mweleka, waliouita olengo, na kucheza adhula, mchezo wa magongo unaotaka wepesi wa miguu na utiifu kwa wenzao.

Mji ulipostawi, michezo iliingizwa katika ratiba. Shule ya Maseno, iliyoasisiwa na wamisionari mwaka 1906, iliufanya uwanja kuwa sehemu ya malezi, hasa alipokuja kuiongoza mwaka 1928 Carey Francis, mwanahisabati wa Cambridge aliyeipenda mno kandanda. Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ilimteua Archie Evans kuwa afisa wa michezo, na mwaka 1951 kikaundwa chama cha riadha. Wala matunda hayakukawia katika jimbo la Nyanza, kwani Nyandika Maiyoro wa Kisii alishika nafasi ya saba katika mbio za mita 5,000 huko Melbourne mwaka 1956. Walakini juhudi hizo ziliwatafuta mabingwa, ilhali mtoto asiye na kipaji hakukumbukwa, na vilabu vya wageni vilimfungia Mwafrika milango.

Baada ya uhuru, mwaka 1980, agizo la rais liliifanya elimu ya viungo kuwa lazima shuleni. Nia ilikuwa njema. Lakini kwa kuwa somo hilo halikutahiniwa, aghalabu kipindi chake kilitolewa kwa masomo ya mtihani, na watoto wakabaki madawatini.

Athari iliyodumu zaidi ilitoka mahali pasipotarajiwa. Kisiwa cha Ndere kilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1986, na mwaka 1992 zikahifadhiwa hekta 34 hivi za ufuo karibu na Dunga kwa ajili ya swala pala. Ardhi hiyo ya ufuo ilikusudiwa wanyama, lakini kwa kuwa ilinusurika majengo na i karibu na mji, wazazi huwapeleka watoto wao kutembea chini ya miti, na walimu huja na madarasa mazima.

Funzo la historia hii ni bayana: amri hutiiwa maadamu yupo anayeikagua, lakini ardhi iliyotengwa hufaa kizazi baada ya kizazi. Kwa hiyo viongozi wa Kisumu wanaoitakia siha jamii yao hawana budi kulinda hati za viwanja vya shule dhidi ya wanyakuzi, kuacha njia za kufikia ziwa zikiwa wazi, na kuhakikisha kwamba kiingilio cha hifadhi hakimzuii mtoto wa maskini, kwa sababu afya ya mwili ni haki yake sawa na elimu.