Daftari Mlangoni: Historia ya Kauli za Afya Ilala

Kuwauliza wakazi wa Ilala, Dar es Salaam, kuhusu mienendo inayohatarisha afya zao, kama vile ulevi, ugomvi na ngono isiyo na kinga, ni kazi iliyorithi historia ndefu ya mtu mwenye daftari kusimama mlangoni. Tangu kodi ya nyumba ya Wajerumani ilipoanza mwaka 1898, na baadaye chini ya Waingereza, daftari lilimaanisha malipo, hivyo kutotaja baadhi ya wakazi kulikuwa na faida iliyo wazi. Nyumba yenyewe nayo haikusaidia siri: katika nyumba ya Kiswahili ya Ilala na Kariakoo, ambamo vyumba hutazamana katika ukumbi mmoja na wapangaji hushiriki ua, jibu linalotolewa barazani husikiwa na wengi, na tangu miaka ya 1960 mara nyingi hata balozi wa nyumba kumi aliweza kuwa karibu.

Mwaka 1992 Wizara ya Afya, pamoja na Chuo Kikuu cha Newcastle, ilianzisha mradi wa kuchunguza vifo vya watu wazima, uliofika pia Ilala. Mradi huo ulitumia mahojiano ya kifo, yaani kuwauliza wafiwa dalili za marehemu ili madaktari wakisie chanzo. Ni njia iliyotegemea kinywa cha ndugu, ambaye kwa kuona aibu kutaja ukimwi angeweza kuishia kusema kifua.

Dodoso la wanafunzi la Shirika la Afya Duniani, lililojazwa katika shule za Dar es Salaam mwaka 2006, liliondoa jina la mjibu kwenye karatasi. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, ingawa karatasi isiyo na jina haimkingi mtoto anayebanana na wenzake kwenye dawati moja.

Ushahidi mzito zaidi kwamba kauli huficha ukweli ulitoka Mwanza, ambako utafiti wa vijana zaidi ya 9,000 ulilinganisha kauli zao katika madodoso mawili na vipimo vya maabara. Miongoni mwa waliothibitika kuwa na maambukizi ya zinaa au mimba, ni asilimia 58 tu ya wavulana na 29 ya wasichana waliokiri kujamiiana katika madodoso yote mawili. Kwa wasichana wenye maambukizi, mazungumzo marefu ya faragha yalielekea kuleta ukweli zaidi ya dodoso, na faragha hiyo ndiyo adimu katika nyumba yenye ukumbi mmoja.