Jina Moja Halitoshi

Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika akirekodi muziki, na miongoni mwa alivyovinasa ni nyimbo za Wahaya zilizoimbwa kwa nanga, ala ya nyuzi ichongwayo katika gogo. Mwaka 1954 aliasisi Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, na santuri zake zikafuatana na kadi: lugha, mahali, ala, mwimbaji. Kadi hizo ndizo mama wa lebo za hifadhi ya kidijitali.

Lakini lebo hurithi pia upofu wa kadi. Zama za ukoloni, Kiziba na Ihangiro zote zilihesabiwa Wilaya ya Bukoba. Leo Ihangiro imo Muleba, na Mkoa wa Ziwa Magharibi ukawa Kagera mwaka 1979. Kijana wa Muleba atafutaye kwa jina la wilaya yake aweza kurudi mikono mitupu, ilhali sauti ya babu yake imelala chini ya “Bukoba, Tanganyika”. Lugha nayo huandikwa Haya, Kihaya, Luhaya au Oruhaya. Ala huwa nanga au enanga. Mashine husoma herufi, haisikii lugha.

Wenyeji, kwa upande wao, huutambua utendi kwa shujaa wake: Rukiza, Kachwenyanja, Mugasha. Dawa basi si kulifuta jina kongwe, maana nalo ni ushahidi wa nani alitawala na nani aliandika. Dawa ni kuliwekea ubavuni majina ya wenyewe, wangali hai wanaoyajua.