Karatasi ya TSH imetoka mbali (Sehemu ya 3)

Mtoto akishalala, mimina chai yako, ukae tusome.

Sehemu ya 2 tuliona tezi ya thairoidi ilipo: hapa mbele ya shingo, chini ya kikoromeo, umbo lake kama kipepeo. Leo ni historia. Najua unajiuliza, nesi na historia wapi na wapi? Sababu ninayo. Mama mmoja mwenye mimba ya wiki 10, anayetumia dawa za tezi, alipewa majibu yake. TSH iko juu, pembeni kuna herufi H. Akajisemea, "Kumbe homoni imezidi!" Akaacha vidonge, akakaa kusubiri siku ya daktari bingwa. Alikuwa ameisoma karatasi kinyume, na simlaumu, hakuna aliyemweleza. Ukijua kipimo hiki kilivyopatikana, wewe hutakisoma kinyume.

Zamani watu walichokiona ni shingo tu. Ule uvimbe wa mbele Waswahili wanauita rovu, siku hizi wengi tunasema goita. Ulikuwa mwingi sehemu za milimani zilizo mbali na bahari: Uswisi kwa Wazungu, na kwetu Nyanda za Juu Kusini. Udongo wa huko mara nyingi una madini joto kidogo, kwa hiyo na chakula kinachoota hapo kinakuwa nayo kidogo. Tezi ikikosa madini joto haitengenezi homoni ya kutosha. Inajitahidi, inajitahidi, mpaka inavimba.

Pale Bern, Uswisi, daktari wa upasuaji Theodor Kocher alikuwa anayakata marovu. Mwaka 1883 akatoa taarifa iliyowashtua wenzake: baadhi ya wagonjwa aliowaondolea tezi yote walipona kidonda, lakini baadaye wakawa wazito, wamevimba uso, wanahisi baridi, hata kufikiri kumekuwa kwa taratibu. Hapo ikaanza kueleweka kwamba kale kanyama ka shingoni kana kazi kubwa mwilini.

Mwaka 1891, Newcastle, Uingereza, daktari kijana George Murray akajaribu jambo. Alikuwa na mgonjwa mwanamke wa miaka 46 mwenye dalili hizohizo. Akachukua tezi za kondoo, akatoa maji yake, akamchoma sindano. Yule mama akapata nafuu, na baadaye akawa anaitumia dawa hiyo kwa kunywa. Aliishi miaka 28 zaidi, mpaka 1919. Kwa miaka yote hiyo zilitumika tezi za kondoo zaidi ya 870! Halafu siku ya Krismasi ya 1914, Edward Kendall wa Marekani akafanikiwa kuitenga homoni yenyewe ikiwa safi. Ndiyo hiyo unayoiona kwenye karatasi yako ikiandikwa T4.

Upande wa kinga, jibu lilikuwa jikoni. Uswisi walianza kutia madini joto kwenye chumvi mwaka 1922, jimbo la Michigan kule Marekani likafuata 1924. Tanzania, miaka ya 1980 watu wa maeneo yenye rovu nyingi walianza kugawiwa vidonge vya mafuta yenye madini joto, kisha miaka ya 1990 sheria ikataka chumvi ya kula iwe nayo. Kwa hiyo ukiwa dukani, soma pakiti.

Sasa TSH. Hata dawa ilipopatikana, madaktari walikuwa wanakadiria dozi kwa kuangalia dalili, uzito na mapigo ya moyo. Miaka ya 1950, jijini New York, Rosalyn Yalow na Solomon Berson waligundua njia ya kupima homoni iliyo kidogo sana kwenye damu. Yalow alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1977. Miaka ya 1960 watafiti wengine wakaitumia njia hiyo kupima TSH.

Na hapa ndipo wengi tunapotea. TSH haitoki kwenye tezi ya shingo. Inatoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuiamrisha tezi ya shingo. Fikiria unavyomwita mwanao anacheza nje. Akiitika, unanyamaza. Asipoitika, unapaza sauti. TSH ndiyo sauti yako. Mara nyingi ikiwa juu, homoni ni pungufu. Ikiwa chini sana, homoni imezidi.

Kwa hiyo yule mama alihitaji dawa zaidi, siyo kuacha. Na wiki za mwanzo mtoto tumboni bado hajatengeneza homoni yake, anategemea ya mama. Namshukuru Mungu alinipigia. Alionwa na daktari, akarudi kwenye dawa siku hiyohiyo, na dozi ikaongezwa.

Kabla ya kwenda kwa bingwa, andaa haya:

1. Karatasi zote za vipimo, hata za zamani, zipange kwa tarehe. Linganisha namba yako na kiwango kilichoandikwa kwenye karatasi hiyohiyo, maana kila maabara ina chake. Mjamzito ana kiwango chake pia, mwambie daktari una wiki ngapi.

2. Dawa zote na saa unazokunywa. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu vinazuia dawa ya tezi isifyonzwe vizuri, viachanishe kwa saa 4. Vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini vitaje pia, vinaweza kuvuruga majibu.

3. Dalili na lini zilianza. Taja mimba zilizoharibika, ulijifungua lini, na nani kwenye ukoo ana shida ya tezi.

4. Maswali matatu: Shida yangu imesababishwa na nini? Nipime tena lini? Nikishika mimba nifanye nini?

Usiache wala kuongeza dawa mwenyewe. Moyo ukienda mbio sana, au ukipata shida kupumua au kumeza, usisubiri tarehe, nenda hospitali.

Sehemu ya 4 tutaongelea tezi inayosumbua baada ya kujifungua, ile tunayoambiwa "ni uchovu wa kunyonyesha tu." Mtumie mwenzio mwenye karatasi ya TSH kwenye pochi.