Alama Moja ya Mtandio: Usaili Uliofika Mahakama ya Juu



Sisi tunaoshona nguo za maharusi tunashona pia nguo za usaili. Wasichana wanaoomba kazi, na maharusi wanaorudi kutafuta ajira baada ya fungate, hutuuliza jambo lile lile: "Nikienda na mtandio, si watanikataa?" Leo tutajibu kwa kisa cha kweli kutoka Marekani.

Mwaka 2008, katika mji wa Tulsa, jimbo la Oklahoma, Samantha Elauf alikuwa na miaka 17. Aliomba kazi katika duka la nguo la kampuni ya Abercrombie & Fitch. Alijiandaa vizuri. Kwanza alimtumia rafiki yake aliyefanya kazi pale, aulize kama mtandio utaruhusiwa. Jibu likarudi kwamba hakuna tatizo. Siku ya usaili akavaa fulana na jinzi zinazofanana na nguo za duka lile, akajitanda mtandio wake, akaenda.

Msaidizi wa meneja aliyemsaili alimpa alama 2 katika kila moja ya mambo matatu, muonekano ukiwemo. Jumla 6, zilizotosha kuajiriwa. Lakini kampuni ilikuwa na kanuni ya muonekano iliyokataza kofia, na msaidizi yule hakuwa na uhakika kama mtandio nao umo. Akamuuliza bosi wa eneo, akimweleza kwamba anadhani binti anauvaa kwa ajili ya dini yake. Bosi, ambaye hakuwepo kwenye usaili, akasema asiajiriwe. Alama ya muonekano ikateremshwa kutoka 2 hadi 1, jumla ikawa 5, na kazi ikapotea.

Tume ya serikali inayosimamia usawa katika ajira ikaishtaki kampuni mwaka 2009, kwa Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Mwaka 2011 Samantha alipewa fidia ya dola 20,000. Mwaka 2013 mahakama ya rufaa ikatengua, ikisema hakumwambia mwajiri kwamba mtandio ni wa dini. Mwisho, tarehe 1 Juni 2015, Mahakama ya Juu ya Marekani ikampa haki kwa kura 8 dhidi ya 1. Jaji Antonin Scalia aliandika hukumu: kinachoangaliwa ni nia ya mwajiri. Akimkataa mwombaji ili kukwepa kumruhusu atekeleze dini yake, amevunja sheria, hata kama hakuwa na uhakika kuhusu dini hiyo.

Tazameni hapo, wapenzi. Aliyekaa naye uso kwa uso, mtandio ukiwa kichwani, alimpa alama za kutosha. Aliyempunguzia hakuwahi hata kumsaili.

Basi yaliyo yetu tuyafanye kama Samantha. Tuulize mapema kanuni za mavazi, tuvae kwa kufuata kazi tunayoomba, nguo ipigwe pasi, rangi ya mtandio iafikiane na gauni, pini zisilegee, tujibu kwa sauti inayosikika. Na tukitajiwa sheria ya mavazi, tuseme wazi kwamba huu ni wa dini, tuulize utaratibu ukoje.

Kuvua si sehemu ya maandalizi. Ilichukua miaka 7 kuipigania alama moja, na binti yule aliingia mahakamani na mtandio wake.