Lugha kama Maleba: Evita Bezuidenhout na Jukwaa la Kejeli Afrika Kusini

Utangulizi

Katika Kiswahili cha nusu ya pili ya karne ya ishirini, neno "kaburu" lilibeba mzigo mzito. Lilimtaja Mzungu wa Afrika Kusini mwenye asili ya Kidachi, na papo hapo likautaja utawala wa ubaguzi wa rangi na ukatili wake wote. Dar es Salaam ulikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu mwaka 1963, na kwa msikilizaji wa redio katika mji huo kaburu hakuwa na uso wala jina la ubatizo. Alikuwa adui, basi.

Ndani ya Afrika Kusini kwenyewe, mwaka 1981, kaburu alipanda jukwaani Johannesburg akiwa na uso, jina na mkoba wa mkononi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mke wa mbunge, mcheshi na mwenye adabu, aliyeitwa Evita Bezuidenhout. Aliyemwigiza alikuwa mwanamume, Pieter-Dirk Uys.

Maonyesho ya Uys ni ya jadi ya kabareti: mwigizaji huleta visa vifupi, nyimbo na wahusika wengi pasipo hadithi moja ya kuviunganisha. Uys alifanya kazi hiyo peke yake, akibadili nywele za bandia na kofia mbele ya macho ya hadhira. Mwanamume kuvaa kike jukwaani si jambo geni katika historia ya sanaa za maonyesho. Kabuki ya Japani na tamthilia za Uingereza za zama za Shakespeare zilitegemea desturi hiyo. Mhadhara huu unachunguza jambo lililo mahususi zaidi. Hoja yake ni kwamba vazi kuu la Evita lilikuwa lugha. Gauni na kope za bandia vilimfanya mwanamume aonekane mwanamke. Lakini kilichompa makali ni kule kuyavaa maneno ya watawala na kutembea nayo jukwaani hadi mishono yake ikaonekana.

Lugha iliyotoka jikoni

Ili kuielewa kejeli hiyo, sharti kwanza historia ya Kiafrikana izingatiwe. Lugha hiyo ilizaliwa Rasi ya Tumaini Jema kutokana na Kidachi kilichosemwa na walowezi, watumwa kutoka Asia na sehemu nyingine za Afrika, pamoja na Wakhoi. Kwa muda mrefu wenye elimu waliidharau na kuiita lugha ya jikoni. Mojawapo ya vitabu vya mwanzo katika lugha hiyo kiliandikwa kwa hati za Kiarabu: ni kitabu cha mafunzo ya dini cha Abu Bakr Effendi, mwanachuoni aliyetumwa Cape Town na Dola ya Uthmaniya, kilichopigwa chapa Istanbul mwaka 1877. Mwanafunzi wa tenzi za Kiswahili zilizohifadhiwa kwa hati hizohizo ataelewa mara moja uzito wa ushahidi huo. Lugha iliyokuja kudaiwa kuwa mali safi ya Wazungu ilikuwa imeandikwa madrasani, kwa ajili ya Waislamu wa Rasi.

Mwaka 1925 Kiafrikana kilitambuliwa na bunge kuwa lugha rasmi. Baada ya Chama cha National kutwaa madaraka mwaka 1948, kikawa lugha ya polisi, ya mahakama na ya sheria za pasi. Mwaka 1974 serikali iliamuru kwamba nusu ya masomo katika shule za Waafrika yafundishwe kwa lugha hiyo. Jibu lilikuja tarehe 16 Juni 1976, wanafunzi wa Soweto walipoandamana na kupigwa risasi. Katika miezi iliyofuata watu waliouawa walihesabiwa kwa mamia. Kuanzia hapo, kusema Kiafrikana mbele ya kijana wa Soweto kulikuwa ni kusema kwa sauti ya askari.

Uys alikuwa mtoto wa lugha hiyo. Alizaliwa Cape Town mwaka 1945. Baba yake, Hannes Uys, alikuwa Mwafrikana na mwanamuziki. Mama yake, Helga Bassel, alikuwa mpiga piano kutoka Berlin aliyezuiwa na utawala wa Kinazi kufanya kazi yake kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi. Mama huyo alijiua mwaka 1969, na ni baada ya hapo watoto wake walipoijua asili hiyo. Kwa hiyo, mtu aliyekuja kuvaa gauni la mwanamke anayeamini utengano wa damu alikuwa mwana wa mwanamke ambaye sheria za damu zilimfukuza kwao.

Kutoka gazetini hadi jukwaani

Uys aliporejea kutoka masomoni London mwanzoni mwa miaka ya 1970, alijiunga na ukumbi wa The Space mjini Cape Town. Kwa Sheria ya Machapisho ya mwaka 1974, bodi ya serikali iliweza kupiga marufuku kitabu, filamu au tamthilia, na tamthilia za Uys zilikumbwa na marufuku hizo. Mwandishi akatafuta njia ya pembeni.

Njia hiyo ilikuwa umbea. Mwishoni mwa miaka ya 1970, katika safu yake ya gazeti la Sunday Express la Johannesburg, Uys alibuni mke wa mkubwa wa Pretoria anayesimulia yaliyosemwa kwenye tafrija za wakubwa. Ni wakati ambapo kashfa ya Idara ya Habari ilikuwa ikiitikisa serikali. Jambo ambalo mhariri hakuthubutu kulitamka, bibi huyo alilitamka huku akisifia chakula cha mwenyeji wake. Jina "Evita" lilikuwa masikioni mwa watu kutokana na tamthilia ya muziki kuhusu Eva Perón iliyoanza kuonyeshwa London mwaka 1978.

Mtafiti wa Kiswahili anaifahamu mbinu hii. Katika taarabu na katika maandishi ya kanga, kijembe hurushwa hewani bila kumtaja mlengwa, na anayelalamika huwa amejifichua mwenyewe. Tofauti ni kwamba Evita hakumsema mpinzani wake kwa mafumbo. Aliwasifu watawala, tena kwa moyo wote. Kinaya chake kilitokana na unyofu: hakuona kosa lolote katika mambo aliyoyasimulia, na kadiri alivyoyatetea ndivyo yalivyozidi kunuka. Serikali ilipata taabu kumpiga marufuku mtu aliyekuwa akiitetea.

Hata namna alivyoitwa ilikuwa sehemu ya mtego. Watu walimwita "Tannie", yaani shangazi, neno la heshima ambalo kwa Kiafrikana humwendea mwanamke yeyote aliyemzidi msemaji umri, kama Waswahili wanavyosema "Bi" au "Mama". Kumwita hivyo ni kujitia katika ukoo wake. Hadhira ya Wazungu iliyocheka ilijikuta ikimcheka shangazi yake.

Maneno ya watawala

Onyesho la kwanza lilifanyika mwaka 1981 katika ukumbi wa Market Theatre, uliofunguliwa mwaka 1976 ndani ya jengo la soko la zamani. Jina lake lilikuwa Adapt or Dye. Waziri Mkuu P. W. Botha alikuwa amewaonya Wazungu mwaka 1979 kwamba wabadilike au wafe. Uys alibadili herufi moja tu, na neno la Kiingereza la "kufa" likageuka kuwa "kutia rangi". Katika nchi ambayo rangi ya mtu iliamua mahali pa kulala, pa kusoma na pa kuzikwa, herufi hiyo moja ilitosha kuwa hotuba.

Desturi hiyo iliendelea. Serikali ilipohubiri kwamba taifa linakabiliwa na "shambulio la pande zote", Uys aliyachukua maneno hayo, Total Onslaught, akayafanya jina la onyesho. Tarehe 15 Agosti 1985 Botha alitoa mjini Durban hotuba iliyotarajiwa kutangaza mageuzi makubwa, akadai kwamba amevuka mto Rubicon, ilhali mageuzi hayo hayakuonekana. Onyesho lililofuata likaitwa Beyond the Rubicon. Kila mara mwigizaji alipokea msamiati wa dola ukiwa bado na joto. Botha mwenyewe aliigizwa na Uys pamoja na kidole chake cha kuonya, mwendo wa midomo yake na lafudhi yake.

Ubunifu wa cheo cha Evita unafuata kanuni hiyohiyo. Kati ya mwaka 1976 na 1981 serikali ilizitangazia "uhuru" Transkei, Bophuthatswana, Venda na Ciskei, ambao hakuna dola nyingine duniani iliyoutambua. Evita akawa balozi wa Afrika Kusini katika nchi ya kubuni ya Bapetikosweti. Jina lilikuwa la uongo, lakini uongo wake haukuzidi ule wa uhuru uliotangazwa katika gazeti la serikali. Tashtiti hapa haikuhitaji kutia chumvi. Iliweka nchi ya kubuni kando ya nchi zilizobuniwa na sheria, ikaiacha hadhira itafute tofauti.

Pua ya waridi

Mwaka huohuo wa 1981, katika ukumbi uleule, ilionyeshwa Woza Albert!, tamthilia iliyotungwa na Percy Mtwa, Mbongeni Ngema na Barney Simon. Waigizaji wawili Waafrika, Mtwa na Ngema, waliigiza wahusika wengi katika kisa cha Masihi kurudi duniani na kushukia Afrika Kusini ya makaburu. Walipotaka kuwa Mzungu walijibandika puani kipande cha mpira wa rangi ya waridi. Hayo ndiyo yalikuwa maleba yao ya utawala.

Ulinganisho huu unafichua mipaka ya Uys. Mtwa na Ngema waliigiza ukaguzi wa pasi ilhali sheria za pasi, zilizofutwa mwaka 1986, ziliwahusu wao wenyewe. Uys aliigiza kutoka upande uliokingwa. Mwafrika aliyesema waziwazi aliyoyasema Evita kwa kupinda angeweza kuishia kizuizini, na kifo cha Steve Biko mikononi mwa polisi mwezi Septemba 1977 kilionyesha maana ya kizuizi hicho. Aidha, kuna hoja kwamba kicheko kiliwapa watazamaji Wazungu nafuu ya bei rahisi: walilipa, wakacheka, wakarudi nyumbani ambako mtumishi Mwafrika alikuwa ameshaosha vyombo. Ipo pia hoja ya jinsia, kwamba mfumo uliojengwa na wanaume ulipewa sura ya mwanamke mpumbavu.

Hoja hizi ni nzito. Kuhusu jinsia, inafaa kukumbuka kwamba Evita hakuwa peke yake jukwaani: mawaziri na majenerali waliigizwa pia, na aghalabu yeye aliwazidi akili. Kuhusu nafuu, jibu ni la kiasi tu. Vichekesho havikuiangusha serikali. Iliangushwa na migomo, mapambano, vikwazo na maelfu ya watu waliojitoa mhanga. Walichofanya wachekeshaji ni kidogo zaidi, nacho ni kuwanyang'anya watawala heshima ya maneno yao. Baada ya Adapt or Dye ilikuwa vigumu kuyasikia maonyo ya Botha bila kulisikia lile neno la rangi.

Baada ya mwaka 1994

Ubaguzi wa rangi uliposhindwa katika uchaguzi wa mwaka 1994, ilidhaniwa kwamba Evita amekosa kazi. Badala yake, mwaka huo alimhoji Nelson Mandela katika kipindi cha televisheni, na rais mpya akashiriki mzaha huo waziwazi. Mwaka 1996 Uys alifungua ukumbi katika kituo cha zamani cha reli mjini Darling, kaskazini ya Cape Town, akauita Evita se Perron. Katika Kiafrikana "perron" ni jukwaa la kituo cha treni. Katiba ya mwaka huo ilikataza ubaguzi kwa misingi ya rangi, jinsia na mwelekeo wa kimapenzi, na mwaka 1999 Evita alizunguka kwa basi kuwahimiza wananchi wapige kura.

Mtihani mgumu zaidi ulikuja kwa serikali ambayo Uys mwenyewe aliisubiri kwa hamu. Rais Thabo Mbeki alipotilia shaka kwamba virusi vya UKIMWI ndivyo vinavyosababisha ugonjwa huo, msamiati wa dola uligeuka tena kuwa pazia. Uys alitunga Foreign Aids, jina linalochezea maneno ya Kiingereza ya misaada ya kigeni na ugonjwa wenyewe, na tangu mwaka 2000 alikwenda mashuleni bila malipo kuzungumza na vijana kuhusu kondomu na woga. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard uliochapishwa mwaka 2008 ulikadiria kwamba kuchelewesha dawa kuligharimu maisha ya watu zaidi ya 330,000. Kejeli aliyowarushia makaburu sasa iliwaelekea wakombozi, kwa kuwa kipimo chake tangu mwanzo kilikuwa umbali uliopo kati ya neno na maiti.

Hitimisho

Kisa cha Evita kinaipa taaluma ya Kiswahili mambo mawili ya kutafakari. Kwanza, lugha iliyotekwa na dola haipotezi uwezo wa kuihukumu dola hiyo. Kiafrikana kilichotoka jikoni na madrasani, kikavishwa sare ya polisi, kilivuliwa sare hiyo na mwanamume aliyevaa gauni, kwa lafudhi na adabu zake chenyewe. Pili, Kiswahili nacho kina msamiati wake wa majukwaani, kaulimbiu zake na vyeo vyake, na kina mafundi wa kuuvaa. Kundi la Redykyulass la Kenya, lililomwigiza Rais Moi mwishoni mwa miaka ya 1990, ni mfano unaostahili utafiti wa kiisimu, hasa namna sauti ya kiongozi ilivyoigizwa na kugeuka kuwa mali ya wasikilizaji.

Neno "kaburu" lingali katika kamusi. Lilifaa vitani, kwa kuwa vita huhitaji adui asiye na uso. Jukwaa la Johannesburg lilimwonyesha kaburu huyo akiwa shangazi mkarimu anayewagawia wageni vitafunio, akiamini kwa dhati kwamba hajamdhuru mtu.