Mgeni njoo, mgeni apone



Kila ifikapo Julai na Agosti, mvua zikiwa zimekatika na shule za Ulaya na Marekani zimefungwa, mji wa Bukoba hupokea wageni wa aina moja. Utawaona pale uwanja wa ndege kando ya ziwa, au wakishuka kwenye basi la kutoka Mwanza. Ni kumi au kumi na watano, wamevaa fulana za rangi moja zenye jina la kanisa lao. Siku hizi wamo pia vijana wa kwaya kutoka Dar es Salaam, nao wana fulana zao. Ni watu wa kujitolea. Watakaa wiki moja au mbili, watapaka rangi darasa, watacheza na watoto yatima, wataimba ibadani siku ya Jumapili, kisha watarudi makwao.

Siku ya kuondoka huletewa kitabu cha wageni. Nimevisoma vitabu hivyo katika parokia na sharika kadhaa za Bukoba na Muleba, na maneno ni yale yale hata kama mwandiko unatofautiana: tulikuja kutoa, lakini tumepokea zaidi ya tulichotoa.

Wapo wanaoyacheka maneno hayo. Fundi mmoja wa Muleba aliniambia kwamba wageni wakishapanga matofali mchana, yeye huyapangua jioni na kuyapanga upya. "Wao wanafurahi, mimi nalipwa mara mbili," akasema, akacheka. Wengine huuliza kwa ukali: kama nauli ya mtu mmoja ingetosha kujenga choo cha shule, kwa nini asitume fedha akabaki kwao?

Ni swali la haki. Lakini mimi leo nataka tuyachukue maneno ya kitabu cha wageni kama yalivyo. Mtu anayesema amepokea zaidi ya alichotoa, kwa hesabu ya kawaida ya dukani, anakiri kwamba ana deni. Je, deni hilo hulipwaje? Historia ya Kagera ina majibu, kwa sababu safari za kujitolea katika mkoa huu hazikuanza na fulana za rangi moja.

Mwaka 1892, baada ya vita vya Mengo vilivyowagawa Wakristo wa Buganda, Wakatoliki wengi walikimbilia Buddu, na wengine wakavuka na kuingia upande wa Wajerumani. Mwaka huo huo Mapadri Weupe, chini ya Askofu John Joseph Hirth, walifungua misheni ya Kashozi, kaskazini mwa mji wa Bukoba. Tumezoea kuhesabu mapadri. Lakini mapadri walikuwa wachache na wageni wa lugha. Waliozunguka vijijini, wakafundisha sala na kusoma, walikuwa makatekista, wengi wao Waganda walioacha mashamba yao na kuja kula ugenini. Askofu huyo huyo alipofika Rwanda kufungua misheni ya Save mwaka 1900, alifuatana na makatekista Waganda.

Na tazameni jinsi deni lilivyozunguka. Buganda ilitoa watu kwa Bukoba. Bukoba nayo, kupitia seminari ya Rubya katika wilaya ya Muleba ya leo, iliwapokea vijana wa Rwanda waliokuja kusoma. Wawili kati yao, Balthazar Gafuku na Donat Reberaho, ndio waliokuwa mapadri wa kwanza wa Rwanda, mwaka 1917. Aliyepokea jana alikuwa mtoaji leo.

Upande wa Waprotestanti yupo Apolo Kivebulaya, Mganda wa Kanisa la Anglikana, aliyekwenda Toro na kisha, mwaka 1896, akavuka Semliki na kufika Mboga, Kongo. Huko alipigwa, na baadaye akafungwa gerezani kwa tuhuma ambayo haikuwa kweli. Angeweza kurudi Buganda na kusimulia habari zake kanisani, na watu wangempigia makofi. Yeye alirudi Mboga. Akiwa mtu mzima, mwaka 1921, alianza kwenda kwa Wambuti wa msituni. Alifia Mboga mwaka 1933, na aliomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, kinyume cha desturi. Huyo hakuandika katika kitabu cha wageni, kwa maana hakuwa mgeni tena.

Bukoba yenyewe ilikuwa na Waprotestanti kabla ya kuwa na mmisionari wa Kiprotestanti. Wahaya waliokwenda Buganda kwa biashara na vibarua walijifunza kusoma huko, wakarudi na vitabu vya Kiganda. Waliitwa wasomaji, kwa kuwa kusoma ndiko kulikokuwa alama yao. Hakuna aliyewatuma wala kuwalipa. Mwaka 1910 Ernst Johanssen wa misheni ya Bethel ya Ujerumani alipofika Bukoba akitokea Rwanda, alikuta kundi la waumini likimngoja.

Kisha ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia, na Wajerumani wakaondolewa. Kanisa lile changa lilibaki mikononi mwa waalimu wa kienyeji, miongoni mwao Andrea Kajerero, ambaye jina lake lilistahili kujulikana kwa kila mtoto wa shule Kagera. Wamisionari waliporejea katika miaka ya 1920 walikuta kanisa bado lipo. Vita ya Pili ilipowaondoa Wajerumani tena, Wasweden walikuja kuziba pengo. Mmoja wao alikuwa Bengt Sundkler, aliyefanya kazi Bukoba kuanzia mwaka 1942 hadi 1945. Huyu alirudi kwao Sweden akawa profesa wa Uppsala, na bila shaka mengi aliyowafundisha Wazungu juu ya kanisa la Afrika aliyapata huku. Alipata zaidi ya alichotoa? Huenda. Lakini mwaka 1961 alirudi kuwa askofu, na mwaka 1964 akamwachia kiti mwana wa Bukoba, Josiah Kibira.

Katikati ya hayo kulikuwa na Uamsho. Uliwaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukapita Uganda, na mwishoni mwa miaka hiyo ukafika Bukoba. Walokole walisafiri kwa makundi, kwa miguu na kwa baiskeli, kutoka kijiji hadi kijiji, kwa nauli yao wenyewe. Walilala kwa wenzao na kula walichopewa. Walipata furaha isiyo kifani, na hawakuificha. Ni kweli pia kwamba baadhi walijiona bora kuliko wengine, na magomvi yakaingia makanisani. Lakini walikuwa na desturi moja ya kuwahukumu sisi wa leo: mlokole akitubu, alirudisha. Aliyeiba jembe alilipeleka kwa mwenyewe mchana kweupe. Furaha yao ilikuwa na risiti.

Kibira alikuwa mtoto wa Uamsho huo. Mwaka 1977, mkutano mkuu wa Walutheri wa dunia ulipofanyika Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wao. Alipenda kufundisha kwamba hakuna kanisa tajiri kiasi cha kutohitaji msaada, wala maskini kiasi cha kushindwa kusaidia wengine. Nadhani alijua alilosema, kwa kuwa alitoka mahali palipopokea na kutoa kwa zamu.

Sasa, ndugu msikilizaji, nikubalie niseme langu, maana si vizuri kuwachambua wengine na kujiacha.

Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini mwetu walikuwa wa Mkoa wa Kagera. Watu waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la vitambaa vya magendo kutoka Uganda. Miaka kumi na mitano baadaye kulikuwa na nyumba nyingi zilizobaki na bibi na wajukuu tu. Julai 1998, nikiwa na umri wa miaka kumi na minane, tulikwenda kwa lori vijana kumi na wanne wa kanisa kutoka Bukoba mjini. Tulipita Kemondo na Muhutwe, tukapanda Kamachumu, barabara ikiwa imechimbwa na mvua za El Nino. Tulipangiwa siku tatu kwa bibi mmoja aliyekuwa akilea wajukuu watano.

Kazi ilikuwa kusafisha kibanja. Sisi watoto wa mjini tulikata majani makavu na mabichi, tukang'oa na machipukizi aliyoyatunza kwa msimu ujao. Bibi alitoka, akasimama mikono kiunoni.

"Wajukuu zangu," akasema, "mmekuja kunisaidia au mmekuja kuniua kwa njaa?"

Akachukua mundu, akatufundisha upya, mgomba kwa mgomba, mpaka jua likazama.

Jioni akatupikia ndizi kwa maharage, akaziweka juu ya majani ya mgomba. Hapo tulitazamana. Kabla ya kuondoka mjini, mzee mmoja alikuwa ametunong'oneza tusile katika nyumba ile, na ndani ya mabegi tulikuwa na mikate. Kiongozi wetu alinawa mikono, akaketi chini, akaanza kula. Tukafuata mmoja mmoja. Baadaye bibi akatuletea kahawa ya kutafuna, kama mgeni yeyote anavyopewa katika nyumba ya Mhaya. Siku ya tatu nilimsikia jirani akimkumbusha bibi juu ya maharage aliyomkopesha kwa ajili yetu.

Tulirudi Bukoba tukiimba. Jumapili nilisimama mbele ya kanisa kutoa ushuhuda. Nikaeleza tulivyosafisha kibanja cha mjane. Machipukizi sikuyataja. Maharage sikuyataja. Watu wakapiga makofi, na kwa miezi kadhaa nilijiona mtu mwema.

Nilirudi kule mwaka 2012. Na hata hapo sikuwa nimepanga. Nilikuwa nimetumwa kuripoti habari za mabaki ya Kardinali Laurean Rugambwa, kardinali wa kwanza Mwafrika, kuhamishwa kutoka Kashozi na kuzikwa katika kanisa kuu la Bukoba, Oktoba ile. Nikapata siku moja ya ziada, nikapanda gari kwenda Kamachumu. Bibi alikuwa amekwisha kufariki. Mjukuu wake mkubwa, sasa mama wa watoto wawili, alinipokea kibanjani. Habari za palizi hakuzikumbuka kabisa.

"Nakumbuka mlikula," akaniambia. "Majirani walikuwa hawali kwetu. Mlipokula ninyi wa mjini, nao wakaanza kurudi."

Nilitaka kufurahi, lakini alikuwa hajamaliza.

"Ila hamkurudi. Bibi alikuwa akiuliza habari zenu kila Krismasi."

Sikuwa na jibu. Miaka kumi na minne, na kutoka Bukoba hadi pale si safari hata ya nusu siku.

Kwa hiyo siwezi kuwacheka wanaoandika kwamba wamepokea kuliko walivyotoa. Wanasema kweli. Mimi nilipokea somo la kilimo, chakula cha mkopo na heshima ya kuketi chini katika nyumba iliyoogopwa, nikalipa kwa migomba iliyoharibika. Faida ya nafsi katika safari hizi si dhambi, na wale makatekista wa Kashozi na Walokole wa baiskeli waliipata pia. Tofauti ni kwamba wao hawakuichukua wakaondoka nayo moja kwa moja. Walirudi, au walibaki, au walipeleka mbele kwa wengine kama Rubya ilivyofanya kwa Rwanda.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Katika safari hizi mara nyingi ni mgeni ndiye hupona. Na apone, hakuna wa kumzuia. Lakini wahenga hao hao walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwangu jembe la siku ya tatu ni kurudi: kuuliza hali, kujua bibi aliyekupikia bado yu hai, kujua darasa ulilopaka rangi lina mwalimu, kumlipa fundi mapema ili asipangue matofali usiku.

Nanyi vijana wa mjini mnaojiandaa kwa safari za likizo, nendeni. Changeni nauli, msingoje mfadhili. Mkifika, mwulizeni mwenye kibanja kabla hamjakata jani. Mkiandikiwa chakula, kuleni. Na kabla hamjasaini kitabu cha wageni, chagueni tarehe ya kurudi.

Mimi tangu mwaka ule nimerudi mara nne, na maharage nimepeleka. Deni bado lipo.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.