Wiki Mbili za Evonne Goolagong

Mwishoni mwa Aprili 1976 kulikuwa na mwanamke mmoja aliyekuwa mchezaji bora wa tenisi duniani, na hakujua. Hakuambiwa yeye, wala waandishi wa magazeti hawakuwa na habari. Alikaa juu ya orodha ya dunia kwa wiki mbili, kuanzia tarehe 26 Aprili hadi 9 Mei, kisha akashuka na maisha yakaendelea. Taarifa ilimfikia Desemba 2007. Wakati huo alikuwa na miaka 56 na raketi alishaitundika zamani.

Anaitwa Evonne Goolagong, wa Australia. Mimi nimekulia Pemba, na huku kwetu wengi tunaijua tenisi kwa kuiona kwenye televisheni tu, lakini kisa hiki kimenikaa kichwani kuliko visa vingi vya mpira wetu wa miguu. Hebu tukifuate polepole, maana si kisa cha tenisi peke yake.

Kwanza hiyo namba yenyewe. Zamani bingwa wa dunia alikuwa maoni ya watu. Mwaka ukiisha, waandishi waliobobea walikaa wakapanga kumi bora wao, kila mmoja na orodha yake, na ubishi ukaanzia hapo. Agosti 1973 kompyuta ikaingia upande wa wanaume, na Ilie Nastase wa Romania akawa wa kwanza kukikalia kiti. Wanawake wakafuata Novemba 1975, Chris Evert wa Marekani akiwa juu kabisa. Hesabu yake ilikuwa ya wastani: unachukua pointi alizovuna mchezaji, unazigawa kwa mashindano aliyocheza.

Lakini usifikirie mambo ya leo, kwamba Jumatatu asubuhi unafungua simu na orodha mpya hiyo hapo. Siku zile orodha ya wanawake haikuwa na ratiba ya kueleweka. Ilitoka ilipotoka, ikachapwa, karatasi zikaenda zilikokwenda.

Sasa, Aprili ile Goolagong alikutana na Evert kwenye fainali ya mashindano makubwa ya kufunga msimu, Los Angeles, akamshinda kwa seti tatu. Hesabu ikageuka, Goolagong akapanda juu. Baada ya wiki mbili ikageuka tena, Evert akarudi. Ila kumbukumbu za wiki zile hazikuwa kamili, na kila kitabu kilichoandikwa baadaye kilimwonyesha Evert akitawala bila kuguswa. Ilipita miaka 31 ndipo WTA, chama cha wanawake wanaocheza tenisi ya kulipwa, kilipopitia nyaraka zake za zamani, kikaliona pengo na kuirudia hesabu. Goolagong akatangazwa kuwa mwanamke wa 16 kuwahi kushika namba moja. Kwa mpangilio wa tarehe alikuwa wa pili.

Unaweza kusema, kwani kuna nini? Mtu huyu alishinda Wimbledon mara mbili, 1971 na 1980, na ile ya pili alishinda akiwa tayari ni mama wa mtoto. Jumla alikuwa na mataji saba makubwa ya mchezaji mmoja mmoja. Wiki mbili za karatasi zinamwongezea nini?

Jibu langu linaanzia utotoni mwake. Goolagong ni wa kabila la Wiradjuri, miongoni mwa Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia. Alizaliwa 1951, akakulia Barellan, kijiji cha wakulima wa ngano katika jimbo la New South Wales, baba yake akiwa mkata manyoya ya kondoo. Raketi yake ya mwanzo ilitokana na ubao wa kasha la matunda. Mwenyewe amesimulia kuwa gari geni likionekana barabarani, mama yake aliwaambia watoto wakajifiche, maana maofisa wa serikali walikuwa wakiwachukua watoto wa Kiaborijini kutoka kwa wazazi wao. Alikuwa akichungulia uwanja wa tenisi wa kijiji kupitia uzio, mpaka jirani mmoja alipomwita aingie kucheza.

Na kuna jambo jingine, ambalo ndilo linalonifanya niandike. Katiba ya Australia ilikuwa na kifungu cha 127, kilichosema kuwa katika kuhesabu idadi ya watu wa nchi ile, Waaborijini wasihesabiwe. Kifungu kilifutwa kwa kura ya maoni ya Mei 1967, zaidi ya asilimia 90 ya wapiga kura wakikubali. Goolagong alikuwa na miaka 15. Miaka minne baadaye alikuwa bingwa wa Wimbledon.

Kwa hiyo mtu huyu aliachwa nje ya hesabu mara mbili. Mara ya kwanza kwa makusudi, kwa sheria iliyoandikwa. Mara ya pili kwa uzembe wa karatasi tu, bila chuki ya mtu yeyote. Ukiangalia matokeo, hayatofautiani sana: aliyekuwepo akaonekana hakuwepo.

Na kusahihisha kulikuwa na faida. Tarehe 24 Juni 2019 Ashleigh Barty, naye Muaustralia mwenye asili ya Kiaborijini, alishika namba moja ya dunia. Magazeti yaliweza kuandika kuwa ni mwanamke wa pili wa nchi yake kufika pale, baada ya Goolagong. Bila marekebisho ya 2007 wangemwita wa kwanza, na dada yake mkubwa angefutwa tena. Barty aliposhinda Wimbledon 2021, miaka 50 kamili baada ya ile ya 1971, alivaa gauni lililoshonwa kukumbushia lile la Goolagong. Ngazi ina maana pale unapoona nyayo za aliyepita.

Huku Afrika Mashariki ngazi hiyo bado tuko chini. Paul Wekesa wa Kenya alifika namba 100 ya dunia mwaka 1995. Mwaka 2022 Angella Okutoyi, binti wa Nairobi aliyelelewa na bibi yake, alishinda taji la vijana la wachezaji wawili wawili pale Wimbledon, akicheza na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Hawa angalau wana mahali pa kuandikwa. Katika tenisi namba si sifa tu, ni mlango: ndiyo inayoamua nani anaingia mashindano makubwa moja kwa moja, nani anapitia mchujo, na nani anabaki nyumbani.

Zanzibar, kwenye mpira wa miguu, hata mlango wa kugonga hatuna. Ukifungua orodha ya FIFA, utashuka mpaka nchi ya mwisho kabisa na hutotukuta. Hatukushika mkia, hatumo. Machi 2017 CAF ilitukubali kuwa mwanachama kamili, wa 55. Watu walifurahi, jamani! Julai mwaka ule ule tukaondolewa, kwa hoja kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Desemba, timu ile ile ikaenda Kenya kwenye Kombe la Chalenji, ikaifunga Tanzania Bara, ikaitoa Uganda kwenye nusu fainali, ikafika fainali na kupoteza kwa penalti mbele ya wenyeji. Na kombe hilo hilo tulishalichukua mwaka 1995, nchini Uganda.

Hoja ya CAF naielewa, ya kisheria, na mjadala wa Muungano sitaumaliza kwenye makala ya tenisi. Ninachosema ni kidogo zaidi. Ikiwa wakubwa wa dunia hawatuhesabu, basi sisi wenyewe tusijipoteze. Hapo ndipo ninapopata wasiwasi. Uliza barzani nani alikuwa winga bora kuwahi kutoka Pemba, utapewa majina matano na ugomvi juu yake. Uliza alifunga mabao mangapi, mwaka gani, uwanja gani, kila mtu atamtazama mwenzake. Katika kazi yangu ya habari nimeona matokeo yakisomwa redioni jioni, na siku ya pili karatasi ile ile imefungiwa karanga. Wazee wanaokumbuka wanaondoka mmoja mmoja, na kila mmoja anaondoka na daftari lake kichwani.

Goolagong alibahatika. Chama chake kilikuwa na makaratasi ya kufukua, hata kama yalichelewa miaka 31. Aliyeirudia hesabu hakuhitaji kumwonea huruma wala kumpa zawadi. Alihitaji matokeo ya mechi, tarehe na kalamu. Bila vitu hivyo vitatu, haki yake ingebaki kuwa hadithi ya barzani, na hadithi ya barzani haipandi kwenye orodha ya mtu.

Januari 2025 Kombe la Mapinduzi lilichezwa hapa kwetu Pemba, likishirikisha timu za taifa. Fainali ilikuwa kati ya Zanzibar na Burkina Faso, nchi ambayo FIFA inaijua na inaipa namba. Sisemi mechi moja inatufanya bora kuliko wao. Nasema ilichezwa, watu waliiona, na ina matokeo. Basi nayaweka hapa, ili siku mtu akija kuirudia hesabu ayakute: Uwanja wa Gombani, Chake Chake, tarehe 13 Januari 2025. Zanzibar 2, Burkina Faso 1.